Wanachama 63, nambari moja ya simu: 2147483647 ni ya nani?

Swali: "Mimi ni katibu wa chama chetu cha akina mama huku Umoja. Kijana mmoja alitutengenezea programu ya kuweka rekodi za michango, na imekuwa ikifanya kazi vizuri. Wiki iliyopita alikuja kuirekebisha. Alipoondoka nikafungua orodha, nikakuta wanachama wote 63 wana nambari moja ya simu: 2147483647. Nimeipiga, haipatikani. Mweka hazina anasema tumeingiliwa na wezi wa mitandaoni. Mwanangu wa kidato cha tatu aliitazama akacheka, akasema hiyo ni nambari tasa na ni maarufu. Je, ni ya nani? Na mtu anajuaje kwamba nambari kubwa hivyo ni tasa bila kuigawa kwa kila kitu?"

Bi. Katibu, kwanza mtulizeni mweka hazina. Mwizi akiingia kwenye rekodi za chama huziiba au huzifunga akadai pesa. Hana faida yoyote ya kuwapa wanachama 63 simu moja ambayo hata haiiti.

Nambari hiyo si ya mtu. Ndiyo nambari kubwa kuliko zote inayoenea kwenye nafasi ya kawaida ambayo kompyuta hutenga kwa nambari nzima. Programu yenu ilipewa kitu kikubwa kuliko nafasi yake, ikaandika kile kikubwa kabisa ilichokiweza.

Nafasi hiyo ina biti 32. Ichukulie biti kama swichi ya taa: ikizimwa ni 0, ikiwashwa ni 1. Swichi moja kati ya hizo 32 hutumika kuonyesha kama nambari ni hasi au la, kwa hiyo za kuhesabia zinabaki 31. Ya kwanza ina thamani ya 1, ya pili 2, inayofuata 4, kisha 8, na kuendelea hivyo hadi ya 31 yenye thamani ya 1,073,741,824. Ziwashe zote kwa pamoja, ujumlishe: 2,147,483,647. Wanahisabati huiandika kwa ufupi 2³¹ − 1, yaani 2 ijizidishe mara 31, kisha utoe 1.

Sijaiona programu yenu, lakini dalili ulizotaja zinatosha kukisia. Mlipoandikishana, simu ziliingizwa kwa mtindo wa 07. Kompyuta ikiambiwa 0700 000 000 ni nambari ya kuhesabia, inaiangusha sifuri ya mbele na kubaki na 700,000,000, ambayo inaenea bila taabu. Kisha kijana wenu akaja kurekebisha, pengine akitaka kuiunganisha programu na M-Pesa, ambako simu huandikwa kuanzia 254. Hapo 0700 000 000 inageuka 254,700,000,000, zaidi ya mara 118 ya kikomo. Na kila simu ya Kenya ikiandikwa hivyo inapita kikomo. Ndiyo sababu hakuna mwanachama hata mmoja aliyepona.

Mbona basi zote zikawa sawa? Kwa sababu hifadhidata yenu, yaani ghala ambamo programu huweka rekodi, imeachwa katika hali ya upole, ile isiyokataa kosa bali huibana nambari kwenye kikomo. Mtungi wa lita 20 ukiuweka chini ya bomba la lori la maji, utabaki na lita 20. Wa jirani yako nao vilevile, hata kama lori lake lilikuwa kubwa zaidi. Ukiitazama mitungi baadaye huwezi kujua lori lipi lilimimina nini. Kuna programu nyingine ambazo hazibani namna hiyo bali huzunguka, kama mita ya gari kuukuu inayofika 999999 ikarudi 000000. Kwa programu ya aina hiyo, 254,700,000,000 ingeonekana kama 1,296,929,536, na kila mwanachama angekuwa na takataka yake mwenyewe. Kwa kuwa nyinyi mna takataka moja ya pamoja, najua mlibanwa, hamkuzungushwa.

Habari mbaya ni kwamba simu za zamani hazimo tena ndani ya safu ya simu kwenye orodha yenu, na hakuna hesabu ya kuzirudisha. Kama kijana hakuweka nakala kabla ya kurekebisha, rudini kwenye daftari la kuandikishia wanachama. Kisha mwambie ageuze safu ya simu iwe ya maandishi, kama ile ya majina. Simu huandikwa kwa tarakimu lakini si nambari ya hesabu. Hakuna siku mtakayojumlisha simu ya mwenyekiti na ya mweka hazina. Usimfokee sana. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kosa hilihili kwenye orodha ya wazazi wa shule moja hapa mjini, na niligundua siku ujumbe wa karo ulipokwama wote. Huko Marekani kosa hili lina kichekesho chake: tarakimu zikiwa kumi na zikianza na 214, zinafanana kabisa na simu ya mji wa Dallas, kwa hiyo orodha yenye kasoro hujaza wateja wa Dallas ambao hawapo.

Na mkiwa mnaangalia, muulize pia kama michango inahifadhiwa kwa senti. Ikiwa ndivyo, na safu ni ya aina hiyohiyo, jumla ya chama itagonga ukuta kwenye Sh21,474,836.47. Mkifika hapo mnialike.

Sasa kwa kijana wako, maana amesema kweli.

Nambari tasa ni ile isiyogawanyika kwa nambari nzima yoyote bila baki, isipokuwa 1 na yenyewe. 2,147,483,647 ni tasa. Watu wengi wakilisikia hilo hudhani wahandisi waliichagua kwa sababu hiyo, au kwamba utasa wake unaisaidia kompyuta. Hapana. Wahandisi walitaka swichi 32 kwa sababu 32 ni 16 mara mbili, na 16 ni 8 mara mbili. Wakatoa swichi moja ya kuonyesha hasi, zikabaki 31, na 31 kwa bahati ni nambari tasa. Ukitazama vikomo vingine utaona bahati hiyo haikuendelea. Mashine za biti 16 zilikuwa na kikomo cha 32,767, ambacho ni 7 × 31 × 151. Mashine za sasa za biti 64 hukomea 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo inagawanyika kwa 7.

Hilo la 7 halihitaji kikokotoo. Kikomo cha biti 64 ni swichi 63 zilizowashwa zote: 111111... Zipange tatutatu, upate makundi 21 ya 111. Kwa lugha ya swichi, 111 ni 7. Basi kama vile 999999 inavyogawanyika kwa 999, safu ile inagawanyika kwa 7. Lakini tarakimu za 1 zikiwa 31 huwezi kuzipanga kwa makundi yanayolingana, kwa kuwa 31 haina vigawo. Kwa hiyo ili 2ⁿ − 1 iwe tasa, n lazima iwe tasa kwanza. Lakini hiyo peke yake haitoshi, na hapa ndipo watu wengi werevu walianguka: 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Nambari za umbo hili zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa aliyetoa orodha yake mwaka 1644. Kabla yake Mwitaliano Pietro Cataldi alikuwa amethibitisha mwaka 1588 kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, kwa kuzigawa kwa subira. Kisha akadai bila uthibitisho kwamba 23, 29, 31 na 37 nazo zinatoa nambari tasa. Katika hizo nne ni 31 tu iliyosimama. Orodha ya Mersenne nayo ilitaja 31, lakini iliingiza 67 na 257 zisizostahili, ikaacha 61, 89 na 107. Kwa hiyo kwa karne nzima na zaidi nambari yenu ilikuwa na sifa nzuri isiyo na ushahidi. Ushahidi uliletwa na mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa Petersburg nchini Urusi, na macho yake yakiwa karibu yamezimika kabisa.

Kijana wako anauliza: aliigawa kwa kila kitu? Tuone angekuwa na kazi kiasi gani. Ukitafuta kigawo huna haja ya kupita kipeuo cha pili, kwa maana vigawo huja wawiliwawili, mdogo na mkubwa. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 ni 46,340 na kitu. Kugawa kwa nambari tasa zote zilizo chini ya hapo ni mara elfu nne na mia kadhaa, tena kwa kalamu. Euler aliona kwamba nyingi kati yake haziwezi hata kuingia mlangoni.

Tuseme nambari tasa fulani, tuiite p, inaigawa 2³¹ − 1. Anza na 1, ongeza mara mbili, tena mara mbili, na kila ukipita p toa p. Jaribu kwa p = 7: 1, 2, 4, halafu 8 ambayo ukitoa 7 inabaki 1. Umerudi ulikoanza kwa hatua tatu. Kwa p yetu, ukifika hatua ya 31 unarudi kwenye 1, kwa sababu ndiyo maana ya p kuigawa 2³¹ − 1. Basi hapa una matatu inayozunguka njia yenye steji 31. Je, haiwezi kuwa na mzunguko mfupi zaidi? Mzunguko mfupi ungepaswa kuigawa 31, na 31 ni tasa, kwa hiyo ungekuwa wa hatua 1, yaani 2 iwe sawa na 1. Haiwezekani. Steji ni 31 kamili.

Mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alikuwa ametangaza mwaka 1640 kwamba safari ya namna hii daima inakukuta nyumbani pia kwenye hatua ya p − 1. Sasa kama matatu ya steji 31 iko kwenye steji ya kwanza baada ya hatua p − 1, lazima imezunguka mara kamili, si nusu. Kwa hiyo p − 1 ni mafungu ya 31. Na kwa kuwa p ni witiri, p − 1 ni shufwa. Basi ni mafungu ya 62. Kigawo chochote kilicho tasa lazima kiwe 62 ikizidishwa kwa kitu, kuongeza 1. Angalia 2,047 ya pale juu: vigawo vyake ni 23 na 89, yaani 22 + 1 na 88 + 1, mafungu ya 11 mara mbili. Inakubali.

Kuna chujio la pili ambalo nitalipita haraka maana linataka maelezo marefu: kigawo cha namna hii, ukikigawa kwa 8, lazima kibakishe 1 au 7. Ukiyaweka machujio mawili pamoja, wanaobaki ni wa safu mbili tu: 248 kwa mafungu kuongeza 1, na 248 kwa mafungu kuongeza 63. Hesabu walio chini ya 46,340: ni 373, hata kabla ya kuwaondoa wale ambao wenyewe si tasa. Ukiwaondoa hao pia hawafiki mia. Wa kwanza kabisa ni 311, kisha 1,303, kisha 1,489. Nimegawa hao watatu kwa mkono nikisubiri chai: 311 inabakisha 35, 1,303 inabakisha 226, na 1,489 inabakisha 199. Waliosalia nimemwachia Euler.

Uzuri wa njia hii unaonekana zaidi kwenye nambari ndogo. Chukua 2¹³ − 1, ambayo ni 8,191. Kipeuo chake cha pili ni 90 na kitu. Vigawo vinavyoruhusiwa ni 26 kwa mafungu kuongeza 1: 27, 53 na 79. Ukiwagawa kwa 8, 27 inabakisha 3, toka. 53 inabakisha 5, toka. 79 inabakisha 7, ingia. Umebaki na mmoja. Gawa 8,191 kwa 79: mara 103, baki 54. Umemaliza. Umethibitisha kwamba 8,191 ni tasa kwa kugawa mara moja tu. Sijawahi kumwonyesha mwanafunzi hili akakosa kuomba nirudie.

Baada ya 1772 nambari yenu ilikaa zaidi ya miaka 70 ikiwa ndiyo nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani. Ina ndugu mkubwa pia. Tangu Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, inajulikana kwamba kila nambari tasa ya umbo hili huzaa nambari kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Ya kwenu inazaa 2,305,843,008,139,952,128, ya nane katika ukoo huo. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndiyo itabaki kuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa kuwa nambari hizi ni za udadisi tu, hazina kazi, na hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi. Maskini Barlow. Mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1 ni tasa. Ina tarakimu 41,024,320.

Kuna na hili, ambalo mimi hulipenda kuliko yote. 31 yenyewe ni 2⁵ − 1. Kwa hiyo 5 imezaa 31, na 31 ikazaa 2,147,483,647, zote tasa. Mtu yeyote mwenye tamaa atauliza: je, tukiweka 2 ijizidishe mara 2,147,483,647 na kutoa 1? Hiyo ni nambari yenye tarakimu zipatazo milioni 646. Hakuna daftari la kuiandika. Lakini ilipatikana mwaka 1983 kwamba inagawanyika kwa 295,257,526,626,031. Mpe kijana kikokotoo akague kama kigawo hicho kinafuata sheria ya ile matatu yetu ya steji: atoe 1, agawe kwa 2,147,483,647, atapata 137,490 bila baki. Ukoo ulikatikia hapo.

Nyinyi si wa kwanza kugonga ukuta huu. Mwishoni mwa 2014 idadi ya watazamaji wa video ya Gangnam Style kwenye YouTube ilikaribia kupita kikomo hiki, ikabidi wenyewe wahamie biti 64. Na kuna siku ambayo kompyuta nyingi kuukuu zitaugonga kwa pamoja. Mifumo mingi huhesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa Januari 1970. Iliyotengewa biti 32 itajaa Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, na kwa saa za Nairobi itakuwa saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, sekunde ya 7, watu wakipanga foleni ya matatu. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itadhani ni tarehe 13 Desemba 1901, siku ambazo mafundi wa reli walikuwa wanamalizia kipande cha mwisho kufika Ziwa Victoria. Kama programu ya chama itakuwa bado hai, muulize kijana wenu tarehe zinakaa wapi. Anayeweka simu kwenye biti 32 huenda ameweka na tarehe humohumo.

Mwanao mwachie hii ya jioni: 2¹⁷ − 1, yaani 131,071, ile iliyomchosha Cataldi. Vigawo vinavyoruhusiwa ni 34 kwa mafungu kuongeza 1, visivyozidi 362, vinavyobakisha 1 au 7 kwa 8. Akichuja vizuri, na akimtupa 273 ambaye si tasa, atabaki na watatu: 103, 137 na 239. Agawe kwa mkono. Na akiona mabaki ya wale wawili wa mwisho yamelingana, yote 99, asifute. Hajakosea.